Mtazame anayeegesha gari: namna ya kuziangalia picha za giza za Marekani

Wengi wakiangalia picha za ujambazi za Marekani za miaka ya 1940 hushika mambo matatu: kofia, moshi wa sigara, na mwanamke mrembo anayempeleka mwanamme pabaya. Yote yapo, na yanapendeza. Lakini mimi nilikuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu, na jicho langu limezoea kumtafuta mtu mwengine: shahidi. Nani alikuwepo? Kaona nini? Na kwa nini hakuitwa? Ukiziangalia picha hizi kama mtu anayesoma jalada la kesi, utaona kwamba aliyeshuhudia mambo mara nyingi ni mtu mweusi, au Mchina, au Mmeksiko, au mtumishi wa ndani, na kwamba picha inamhitaji kwa dakika mbili kisha inamfungia mlango.

Nitaeleza tunavyofanya hapa Kikwajuni, Zanzibar, uani kwangu, baada ya sala ya Isha, na vijana wa maskani na baadhi ya mama wa mtaani. Atakaye afuate yote, atakaye achukue nusu.

Waliozipa jina la film noir ni Wafaransa. Nino Frank, mwandishi wa Paris, alilitumia mwaka 1946, vita vimekwisha na picha za Marekani zilizokuwa haziingii Ufaransa zikamiminika kwa mpigo. Mimi naziita picha za giza na watu wangu wananielewa. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia The Maltese Falcon ya 1941 hadi Touch of Evil ya 1958. Mimi naongeza mwaka mmoja mbele, na sababu yake itakuja.

Jifunze kwa kesi moja

Anza na Double Indemnity ya 1944, ya Billy Wilder. Neff, wakala wa bima, amekubaliana na mke wa mteja wake wamuue mume. Anataka ionekane usiku huo hakutoka nyumbani. Basi anashuka gereji ya jengo analokaa na kumwambia Charlie, mtu mweusi wa pale gerejini, amwoshee gari. Akisharudi kutoka kuua, anashuka tena makusudi ili Charlie amwone. Roho yake yote ameiweka mikononi mwa muosha magari.

Sasa fuata jalada. Keyes, mchunguzi wa kampuni ya bima, anapata shahidi: bwana mmoja mzungu, Jackson, wa Medford, Oregon, aliyekaa na muuaji dakika chache nyuma ya treni, usiku. Jackson analetwa Los Angeles, anakalishwa kitini ofisini, anapewa nafasi ya kutania, mpaka anaulizia na gharama zake za safari. Charlie hatumwoni akiulizwa lolote. Halafu Keyes huyohuyo anaiachia mashine ya kunasa sauti maneno yake, akimsafisha Neff: kachunguza, na Neff alikuwa nyumbani usiku ule. Kachunguza kwa nani, kama si kwa watu kama Charlie? Hapo ndipo ninapowaambia vijana waandike: katumika, hakuitwa.

Aliyecheza Charlie ni Sam McDaniel. Dada yake ni Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1940, na usiku wa kuipokea alikalishwa meza ya mbali na wenzake waliocheza naye. Jina la Sam halimo katika majina yanayopita mwanzo wa picha. Ndiyo maana kabla ya kila onyesho mimi hutafuta kwenye intaneti orodha kamili ya waigizaji, wale wasioandikwa khasa, na picha ikimalizika naisoma kwa sauti. Haichukui muda, na watu hukaa kimya wakisikiliza kuliko nilivyotarajia.

Giza ni sehemu ya kazi

Picha hizi zilipigwa kwa taa chache kwa makusudi. Sehemu kubwa ya skrini ni nyeusi. Ua wako ukiwa na mwanga, cha mwanzo kupotea ni uso wa mtu mweusi aliyesimama pembeni ya taa, kwa sababu wapiga picha wengi wa wakati ule walimpangia taa mzungu aliye katikati, huyo wa pembeni akapata mabaki. Kwa hiyo ukitaka kuwaona watu wa pembeni, giza unalitengeneza mwenyewe.

Kwangu tatizo lilikuwa taa ya nguzo ya barabarani inayochungulia juu ya ukuta. Tulipoonyesha Body and Soul ya 1947, palepale Canada Lee anapocheza ngumi peke yake usiku kwenye kambi ya mazoezi, tulichokiona kwenye shuka kilikuwa mabega na glovu, kichwa hakuna. Nikasimamisha. Kijana mmoja akapanda kigoda, tukatundika kaniki mbili juu ya kamba ya nguo upande wa nguzo, tukarudisha nyuma kidogo. Kichwa kikarudi: jasho kwenye paji, mshipa wa shingo uliotutumka, na macho ya mtu anayepigana na ambaye hayupo. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu anakufa." Na kweli, alikuwa anakufa.

Shuka liwe jeupe tupu, lipigwe pasi, likazwe pembe zote nne, maana mikunjo hukata nyuso. Ukitumia televisheni, toa ile hali ya dukani inayong'arisha kila kitu, punguza mwanga wa nyuma ya kioo, zima kazi ya kulainisha mwendo, na rangi ishushe hadi sifuri. Usikubali matoleo yaliyotiwa rangi kwa kompyuta. Nyuso zote hutoka za rangi ya boga. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwa sababu watu wa picha hizi huongea kama wanagombania basi, kisha simamisha mara mojamoja ueleze kwa Kiswahili. Na picha iweke kwenye fleshi. Ukitegemea bando, patakatika pazuri.

Gawa watu, si karatasi

Usiwaambie watazamaji "angalieni ubaguzi." Ukisema hivyo watakaa kama wako darasani, na kila mtu atakupa jibu unalolitaka. Fanya hivi: kabla ya kuanza, mpe kila mmoja mtu wa kumfuata. Wewe mfuate mpiga piano. Wewe mfungua mlango. Wewe mtumishi wa jikoni. Mwisho nawauliza: Ana jina? Anajua nini ambacho stelingi hakijui? Nani anamuuliza, na kwa adabu gani? Picha inamfuata nyumbani kwake hata mara moja? Inapokwisha, yuko wapi?

Swali la kumfuata nyumbani ndilo linalouma zaidi. Watu hawa wanaishi gerejini na jikoni. Hawana kitanda, hawana mtoto, hawana jirani. Utaziangalia picha nyingi kabla hujamwona mtu mweusi akila chakula chake mwenyewe.

Lazima ujue na kilichokuwa kinakatazwa, vinginevyo utawalaumu waandishi kwa yasiyokuwa yao, au utawasifu kwa woga. Studio za Hollywood zilijiwekea kanuni mwaka 1930, zikaanza kuikazia mwaka 1934, na picha isiyopata idhini haikuwa na njia ya kuingia kumbi kubwa. Moja ya makatazo yake: mapenzi kati ya mweusi na mweupe yasionyeshwe kabisa. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1956 tu. Mahusiano ya jinsia moja nayo hayakutajwa. Ndiyo maana Crossfire ya 1947, inayohusu mauaji ya Myahudi kwa chuki ya dini, imetoka katika riwaya ambayo anayeuawa ni shoga. Studio ilibadilisha chuki moja ikaweka nyingine iliyoruhusiwa kusemwa. Sisi wa Zanzibar jambo la kupitishiwa picha si geni, tunalo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na ukitaka kuonyesha hadharani, nje ya ua wako, kawaulize kwanza.

Zipi, na kwa mpango gani

Usianze na picha inayohubiri. Anza na The Set-Up ya 1949, ya Robert Wise. Ni fupi, dakika 72, na ni ya ngumi, na kijana yeyote wa maskani atakaa. Bondia mzee mzungu, Robert Ryan, hajui kwamba meneja wake amekwisha pokea pesa ili yeye apigwe. Waache waione mpaka mwisho. Kisha waambie kwamba hadithi hii ilitoka katika shairi la Joseph Moncure March la mwaka 1928, na kwamba katika shairi bondia ni mtu mweusi. Wao wenyewe watarudi nyuma kichwani kumtafuta. Yumo mweusi mmoja, Luther Hawkins, chumba cha kuvalia, kijana mwenye heba na matumaini, anayesubiri zamu yake. Aliyemcheza ni James Edwards.

Hilo jina lishike. Mwaka huohuo wa 1949 James Edwards alikuwa stelingi wa Home of the Brave, picha ya askari mweusi katika vita vya Pasifiki. Miaka saba baadaye, katika The Killing ya Stanley Kubrick, utamkuta anaegesha magari kwenye uwanja wa mbio za farasi.

Na kwenye uwanja huo pana kitu cha kukitazama kwa makini. Jambazi Nikki amekodiwa ampige risasi farasi katikati ya mbio. Anahitaji sehemu fulani ya kuegesha iliyofungwa, kwa hiyo anamlaghai mwegeshaji kwa pesa na maneno matamu, anajifanya askari aliyelemaa. Mwegeshaji anamwonea huruma. Anaona amepata mzungu anayezungumza naye kama binadamu, kwa hiyo anarudi na kumletea kiatu cha farasi, zawadi ya bahati njema. Lakini wakati wa kupiga umefika na Nikki hawezi kumwondoa. Anamtukana, kwa lile tusi lenyewe. Hapo msimamishe Edwards usoni. Hapigi kelele. Uso unafunga tu, kama duka saa sita mchana, na anakitupa kile kiatu chini na kuondoka. Nikki anapiga farasi wake, anarudisha gari nyuma kwa haraka, tairi linapita juu ya kiatu na kupasuka, na polisi anamuua papo hapo. Kubrick hakuweka hotuba hata moja. Binti mmoja wa chuo aliniuliza kama ile ni haki au ni bahati mbaya. Nikamwambia kotini kwetu hapangepatikana wa kumshtaki.

Tena, kabla hujaonyesha picha yenye matusi ya aina hiyo, waambie watu mapema, na watoto waingie ndani.

Body and Soul nimekwisha itaja. Stelingi ni John Garfield, bondia wa Kiyahudi aliyetoka katika umaskini, na picha inafunguka usiku, anashtuka usingizini akiita jina: Ben. Ben ndiye Canada Lee, bingwa aliyetangulia, mwenye damu iliyoganda kichwani, aliyepandishwa ulingoni na wenye pesa wakijua. Picha ina stelingi mzungu, lakini dhamiri yake yote iko kwa Ben. Lee alikuwa bondia wa kweli kabla ya kuwa mwigizaji, na jicho moja lilimpofuka kwa ngumi. Miaka ile ya kuwasaka wakomunisti alifungiwa kazi, na akafariki mwaka 1952 akiwa na miaka 45. Aliyeipiga picha hiyo ni James Wong Howe, mzaliwa wa China, ambaye kwa mapambano ya ulingoni alishika kamera mkononi akavaa viatu vya magurudumu. Mwaka 1937 alimwoa mwandishi Sanora Babb, mzungu, mjini Paris, na California haikuitambua ndoa ile mpaka Mahakama Kuu yake ilipoitengua sheria mwaka 1948, katika kesi ya Perez. Yaani mwaka alioipiga picha hii, mbele ya sheria ya anakoishi, mke wake hakuwa mke. Mimi nikipata kesi kama hiyo huisoma mara mbili.

Kisha Out of the Past, ya 1947. Hii ionyeshe usiku wenye nafasi, kwa sababu ina mashahidi wawili wa ajabu. Wa kwanza ni Eunice, aliyekuwa mtumishi wa Kathie, mwanamke mtoro anayetafutwa na stelingi. Stelingi, Robert Mitchum, anamfuata Eunice kwenye klabu ya watu weusi New York. Tazama jinsi ilivyopangwa: yeye ndiye mgeni pale, anasimama, anaomba. Eunice amekaa na mwenzake, amevaa vizuri, hana aproni, hana haraka. Anasema bibi yake kaenda Florida, na katika maneno hayo inatoka habari ya chanjo iliyomwumiza. Kwa Florida huchanjwi. Kwa Meksiko ndiyo. Picha nzima inaondoka pale, kwa neno la mwanamke ambaye hatumwoni tena, na ambaye jina la mwigizaji wake, Theresa Harris, halikuandikwa. Je, neno lile la chanjo lilimponyoka, au alilitoa makusudi kidogo tu? Uani kwangu wamegawana. Mama wote wanasema hakuponyokwa na kitu yule.

Wa pili ni kijana kiziwi wa kituo cha mafuta. Hasemi. Anasoma midomo, anatumia mikono, anaona kila anayeingia na kutoka. Na mwisho ni yeye anayeulizwa swali kubwa la picha yote na msichana mwema anayempenda stelingi: je, alikuwa anatoroka na Kathie? Anajibu kwa kichwa: ndiyo. Ni uongo. Ni ushahidi wa uongo uliotolewa na mtu pekee ambaye hakuna aliyefikiri ana ushahidi, ili msichana awe huru kuendelea na maisha yake. Aliyecheza, Dickie Moore, yeye mwenyewe alikuwa anasikia, na hilo pia liseme. Lakini ni nadra sana mlemavu katika picha za zamani kupewa neno la mwisho.

Kwa mama wa mtaani weka The Reckless Moment ya 1949. Mama wa nyumba ya kitajiri anaficha maiti ili kumlinda binti yake, na katika nyumba ile kila mtu anapita akiomba kitu, hakuna anayemtazama, isipokuwa Sybil, mtumishi mweusi, aliyechezwa na Frances E. Williams. Mwambie mtu mmoja asimtazame mwengine ila Sybil, popote alipo, hata nyuma kabisa ya ngazi. Anajua kitambo. Mambo yakiwa mabaya, anayekuwa garini na bibi yule ni yeye. Usiku tulipoionyesha maneno yalitoka Marekani yakahamia majumbani mwetu, kwa wasichana tunaowaleta kutoka shamba na bara kutusaidia kazi, wanalala wapi, wanakula saa ngapi, nani anawauliza habari zao. Sikuyaanzisha mimi, na sikuyazuia.

Za Waasia na Wameksiko nitazipitia haraka. Impact ya 1949 si picha kubwa, lakini ndani yake yumo Anna May Wong, nyota wa zama za picha bubu, ambaye alinyimwa nafasi ya mke wa Kichina katika The Good Earth ya 1937 akapewa mzungu, na mzungu akapata Oscar. Hapa anacheza mtumishi, Su Lin, na kwa mara moja shahidi anatafutwa: wanazunguka mtaa wa Wachina wa San Francisco kumsaka, kwa sababu bila ya neno lake stelingi ataponzwa. The Crimson Kimono ya 1959 ina askari kanzu Mjapani wa Los Angeles, James Shigeta, ambaye ndiye anayependwa na msichana, si rafiki yake mzungu.  Border Incident ya 1949 ina Ricardo Montalban, mzaliwa wa Meksiko kweli, akicheza afisa wa Kimeksiko. Linganisha na Touch of Evil, ambapo afisa wa Kimeksiko ni Charlton Heston aliyepakwa rangi. Ni picha nzuri mno, na rangi ile inaonekana hata bila ya rangi. Yote mawili ni kweli na mtu asikulazimishe kuchagua moja. Ukiitafuta, chukua toleo la 1998, lililorekebishwa kwa kufuata waraka wa kurasa 58 alioandika mwongozaji wake mwenyewe, Orson Welles.

Wapo wazee watakaokwambia picha hizi hazituhusu. Wao enzi zao za sinema za Majestic, Empire na Cine Afrique walijaa kwa ajili ya picha za Kihindi, na wana haki. Kwa hao nina dawa: C.I.D. ya 1956, ya Bombay, Dev Anand na kofia na vivuli vyote vilevile. Mle ndani stelingi, jambazi na mwizi wa mifukoni wote ni Wahindi. Uliza maswali yaleyale uone kama wa pembeni wamekwisha. Hawajesha. Wamebadilika tu kuwa maskini.

No Way Out ya 1950 iweke kati. Ni mwanzo wa Sidney Poitier: daktari kijana katika wodi ya wafungwa, anayetuhumiwa na jambazi mbaguzi kwamba kamuua ndugu yake. Inasema kwa sauti kubwa, wakati mwengine kubwa mno kwa ladha yangu. Lakini inajibu lile swali: inamfuata daktari nyumbani. Kuna mke, kuna mama, kuna ndugu, na wawili kati yao ni Ruby Dee na Ossie Davis. The Breaking Point ya mwaka huohuo haisemi kitu, na inauma zaidi. Baharia mweusi, rafiki wa stelingi, anauawa chomboni. Stelingi anarudishwa gatini, watu wanamzunguka, mke, daktari, umati. Wakishaondoka wote, kamera inabaki na mtoto wa yule baharia, amesimama akimsubiri baba yake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Picha hii usiisindikize na maneno; washa taa polepole.

Ya mwisho ni ile iliyonifanya niongeze mwaka. Odds Against Tomorrow ya 1959 ilitengenezwa na kampuni ya Harry Belafonte mwenyewe. Mwandishi wake, Abraham Polonsky, alikuwa amefungiwa kazi, kwa hiyo lilitumika jina la John O. Killens, mwandishi wa riwaya mweusi aliyekubali kumstiri. Jina la Polonsky lilirudishwa mwaka 1996. Belafonte ni mwanamuziki mwenye madeni ya kamari. Anaingizwa katika wizi wa benki pamoja na Robert Ryan, mbaguzi wa kusini asiyeweza hata kumwachia funguo ya gari, na chuki hiyo ndiyo inayowamaliza.

Lakini usikimbilie mwisho. Msikilize yule askari mzee anapoeleza mpango. Kila jioni mtu mweusi kutoka mkahawani huleta kahawa na mikate kwenye mlango wa pembeni wa benki, na mlinzi humfungulia. Belafonte atavaa koti lile na kubeba sinia lile. Hawahitaji kumpata anayefanana naye. Mpango wote umesimama juu ya jambo moja: mlinzi hamtazami usoni anayemletea kahawa.

Hapo nasimamisha picha. Kwetu kahawa hugawiwa na kashata kabla ya kuanza, na kila usiku hugawa mtu tofauti. Nawauliza leo aligawa nani, na alikuwa amevaa nini. Anayejibu sawasawa ndiye anayechagua picha ya wiki ijayo.